Meza ya Jioni: Riziki ya Mtunzi wa Kiswahili Tangu Pate Hadi Leo

Katika historia ya fasihi andishi ya Kiswahili, ambayo inaweza kufuatwa kwa uhakika tangu mwanzoni mwa karne ya 18, watunzi walioishi kwa kalamu peke yake ni wachache mno, na hata hao wachache mara nyingi walikuwa na duka, shamba au ofisi iliyowalisha huku wao wakisifiwa kwa tungo zao. Uandishi bunifu, yaani utungaji wa mashairi, hadithi, riwaya na tamthilia unaofanywa kwa ajili ya sanaa na si kwa ajili ya kuarifu tu, umekuwa kazi ya usiku, ya siku ya mapumziko, au ya mtu aliyekwisha kustaafu. Hali hiyo huzungumzwa zaidi kama malalamiko, na malalamiko yana haki yake. Lakini ikitazamwa kwa makini inaonekana kwamba yule aliyemlipa mtunzi, au aliyekataa kumlipa, ameacha alama katika umbo la kazi zenyewe, katika urefu wake, katika lugha yake, na hata katika aina ya wahusika wanaopita ndani yake.

Kazi ndefu ya kale inayojulikana zaidi, Utendi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani katika mwaka 1728 kwa agizo la mfalme wa Pate. Neno chuo hapa lina maana yake ya zamani ya kitabu, maana ambayo bado imo ndani ya neno mwanachuoni. Utendi, au utenzi kama unavyoitwa kwa Kiswahili sanifu, ni utungo mrefu wa masimulizi au mawaidha ambao kila ubeti wake una vipande vinne vifupi, kwa kawaida vya mizani nane kila kimoja, vitatu vya mwanzo vikifanana vina, na cha nne kikibeba kina kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho. Tambuka una beti zaidi ya 1,100, na urefu wa namna hiyo hauelezeki vizuri bila kumkumbuka mwenye agizo, kwa sababu mtunzi anayetunga katika kivuli cha mfalme ana muda, ana karatasi, na ana hadhira itakayokaa kitako mikesha kadhaa kusikiliza vita vya Waislamu na Warumi vikighaniwa.

Karatasi na wino vinastahili kutajwa kwa sababu watunzi wenyewe walivitaja. Ni desturi ya tenzi nyingi za pwani kwamba, baada ya kumtaja Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, mtunzi huomba aletewe wino na karatasi, na wengine huongeza sifa za kalamu nzuri wanayoitaka, kana kwamba kazi haiwezi kuanza mpaka vifaa viwepo mbele ya macho ya msikilizaji. Mswada wenyewe uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mara nyingi ubeti mzima ulilazwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitenganishwa kwa alama ndogo za mapambo ambazo mwandishi hodari alizichora kwa wino wa rangi nyingine, hata ukurasa ukafanana na mkeka uliosukwa kwa safu nne. Mwishoni mtunzi alijitaja jina na kutaja tarehe, na pengine hesabu ya beti pia, jambo lililofanya kazi ambayo leo hufanywa na hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtunzi juu ya kazi yake, ingawa haikumpa hata pesa moja. Ndivyo ijulikanavyo kwamba Mwana Kupona binti Msham alitunga wasia wake kwa binti yake Mwana Hashima mwaka 1858. Yeye hakuwa na mfalme wa kumlipa wala hakumtazamia, maana mlengwa wake alikuwa mtoto wake mwenyewe, na huenda ndiyo sababu utungo huo ni mfupi, wa karibu, na umeshikika vichwani mwa watu kuliko tenzi nyingi za vita.

Aliyelipwa kwa hakika katika utaratibu huo wa miswada alikuwa mnakili, yaani mtu anayenakili maandishi ya wengine kwa mkono, na mfano ulio wazi kupita yote ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa karibu na mwaka 1855 na kufa mwaka 1945. Kijuma alikuwa mtunzi, mwanamuziki, mchongaji wa mbao na mwandishi wa hati nzuri, na wataalamu wa Kizungu walipoanza kuzitafuta tenzi za kale, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, ni mlangoni kwake walikobisha hodi, naye akawaandikia miswada iliyopambwa kwa rangi ambayo baadhi yake imehifadhiwa hadi leo London na Ujerumani. Hapa historia ina kejeli yake ndogo, kwamba mtu aliyelipwa kwa kuandika fasihi ya Kiswahili alilipwa zaidi kwa mwandiko kuliko kwa utunzi, na aliyemlipa hakuwa msomaji wa mtaani kwake. Kwa upande wa Mombasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine: mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa ajili ya mmisionari William Taylor, kisha Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya mtunzi kuingia kaburini.

Ukoloni ulileta mlipaji mpya, naye alikuwa serikali pamoja na shule zake. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923 na kutolewa kila mwezi, lilifungua nafasi ya mashairi ambayo ilipokea tungo kutoka kila pembe ya nchi, zikitumwa na makarani, walimu, mahakimu na maaskari. Malipo yao yalikuwa jina kuonekana gazetini, na wengi hata jina hawakutoa, bali walijificha nyuma ya lakabu, yaani jina la kujipachika, ambalo wasomaji walilizoea kama wanavyomzoea jirani. Ndani ya safu hizo yalistawi malumbano, ambapo mshairi mmoja hutoa hoja au fumbo na mwingine humjibu toleo linalofuata kwa vina vilevile na kituo kilekile, kituo kikiwa ni mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Shairi la mishororo minne, kila mshororo ukiwa na mizani kumi na sita iliyogawanywa katikati, lilikuwapo tangu zamani za Muyaka, lakini beti saba au nane za namna hiyo zinakaa vizuri mno katika safu ya gazeti, na inaelekea ufinyu wa safu ulisaidia kulifanya shairi hilo lionekane ndilo shairi lenyewe, hata watu wakasahau kwamba pwani ilikuwa na bahari, yaani aina, nyingi za ushairi.

Mwaka 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha iliyosimamia Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Unguja, na kitabu cha shule kilihitaji kibali chake. Mtunzi wa Lamu au Mombasa aliyetaka kuuza kwa shule alilazimika kuiacha lahaja iliyobeba fasihi ya karne mbili, na hasara hiyo haijahesabiwa ipasavyo hadi leo.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, ndiye anayeonyesha vizuri zaidi maisha ya mwandishi aliye karani. Aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926 akadumu humo mpaka 1944, akahamia idara inayohusika na wanyama, kisha Ofisi ya Wilaya ya Tanga tangu 1946 hadi 1952, na hatimaye Ofisi ya Upimaji mpaka 1960, miaka miwili tu kabla ya kifo chake. Vitabu vyake zaidi ya 20 viliandikwa pembezoni mwa majalada hayo ya serikali, na miongoni mwake umo Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zinazofikia 3,000, ambao ulichapishwa mwaka 1967 mtunzi akiwa ameshafariki. Wahakiki wamekuwa wepesi kuutafuta ushawishi wa hadithi za Mashariki katika kazi zake, na upo. Lakini Kusadikika, riwaya yake ya mwaka 1951, inasomeka pia kama kazi ya mtu aliyeishi miongoni mwa mafaili. Hadithi yote ni kesi: mashtaka yanasomwa na waziri, mshtakiwa anajitetea siku baada ya siku, na ushahidi wake ni taarifa za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, ambao kila mmoja alirudi na mapendekezo mazuri akaishia kifungoni. Karani yeyote aliyewahi kuona ripoti njema ikipanda ngazi za ofisi na kupotea huko juu angeitambua Kusadikika mara moja. Kadhalika si jambo la kupuuzwa kwamba katika Utubora Mkulima shujaa anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima.

Baada ya vita kuu ya pili lilianzishwa Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, mwaka 1948, na pamoja nalo yakaja mashindano ya uandishi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alishinda mashindano ya 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, katika nyumba za wasomaji. Jicho la mkaguzi anayeingia ua wa mtu na kuona kisichotakiwa kuonekana linafaa sana kwa riwaya ya upelelezi, ingawa ni dhana tu.

Uhuru uliongeza mlipaji wa tatu, ambaye ni siasa. Kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mathias Mnyampala, aliyekuwa hakimu, aliipa nguvu ngonjera, yaani ushairi wa majibizano unaoigizwa jukwaani na kumalizika kwa pande mbili kukubaliana, na shule zote za Tanzania zikaufahamu. Zipo ngonjera zilizotungwa kwa ustadi, lakini umbo linalojua tangu ubeti wa kwanza nani atashindwa haliwezi kumfikisha mtunzi mbali. Upande wa Kenya, Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo, yaani mkusanyo wa mashairi ya mtunzi mmoja, ilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Mtunzi huyo hakuwa na mlipaji wala meza, na vina vyake havikulegea hata kidogo.

Chuo kikuu nacho kililisha watu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, ilizuiwa kwa muda kusomwa shuleni, alizua ubishi mkali kwa mashairi huru ya Kichomi mwaka 1974, yaani mashairi yasiyofungwa na urari wa vina na mizani, na baadaye akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ngumu zisizofuata mtiririko wa kawaida wa visa. Hakuna mwenye duka la vitabu ambaye angemwagizia mtunzi Nagona. Ni mshahara wa mhadhiri uliomwezesha Kezilahabi kuandika bila kumhofu mnunuzi, na katika hili chuo kikuu kilifanya kazi ya mfalme wa Pate bila kuchagua mada.

Wakati huohuo Elvis Musiba na Ben Mtobwa waliandika riwaya za upelelezi na mapenzi zilizonunuliwa kwa hiari, na Mtobwa akafikia kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Wahakiki wa vyuoni waliziita fasihi pendwa, neno lenye dharau kidogo kwa kitu ambacho kosa lake kubwa lilikuwa kupendwa. Njia nyingine ya riziki ni kitabu teule, yaani kile kinachochaguliwa kufundishwa na kutahiniwa katika shule za sekondari, ambacho humpa mtunzi mrabaha, yaani fungu lake katika bei ya kila nakala inayouzwa. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ilifika kwa vijana wengi wa Kenya kwa njia hiyo, mtunzi wake akiwa mtangazaji wa habari na kisha mwalimu wa chuo kikuu. Uteuzi ni neema, lakini mwandishi anayeutamani hujifunza mapema nini kisiandikwe, na mhariri wake humkumbusha akisahau.

Katika miaka ya karibuni zimerudi tuzo. Tuzo ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2014, na Tanzania ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Mabati-Cornell upande wa ushairi ilimwendea Mohammed Khelef Ghassani wa Zanzibar kwa diwani yake N'na Kwetu, yenye mashairi ya mgeni aliye mbali na kisiwa chake. Riziki yake ilikuwa Bonn, Ujerumani, katika utangazaji wa habari za Kiswahili.