Bunduki kuukuu za Ethiopia zawafikia wakusanyaji wa Marekani

Katika miaka ya karibuni, bunduki zilizokaa miongo mingi katika maghala ya jeshi la Ethiopia zimeuzwa Marekani kwa wakusanyaji wa silaha za kale. Miongoni mwazo zimo Carcano za Kiitalia, silaha ya majeshi yaliyoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kushindwa mwaka 1941, pamoja na Vetterli-Vitali, aina iliyotumika katika mapigano ya Adwa mwaka 1896.

Anayezikarabati huondoa kutu na grisi iliyoganda, lakini huihifadhi mihuri ya kiwanda na makovu ya mbao. Akizisugua hadi zing'ae, huifuta historia yake na kuishusha thamani yake.

Hatari kubwa imo katika Vetterli zilizobadilishwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ili zitumie risasi za milimita 6.5. Bunduki hizo ziliundwa kwa baruti nyeusi, yenye shinikizo dogo. Risasi mpya yaweza kuipasua bunduki na kumjeruhi mfyatuaji. Kwa hiyo wajuzi hushauri zitunzwe kama kumbukumbu, zisifyatuliwe kamwe.