Kukata, Kuhariri na Kuhifadhi: Historia Fupi ya Istilahi za Video

Istilahi hubeba historia ya chombo, hata chombo chenyewe kikiisha kutoweka. Kampuni ya Ampex ilipoonyesha mtambo wake wa kurekodia picha mjini Chicago, Aprili 1956, ukanda wake ulikuwa na upana wa inchi 2. Kuhariri kulikuwa kukata hasa: fundi alipaka unga wa chuma ili aione mipaka ya picha, akakata kwa wembe, kisha akaunga.

Mwaka 1971 mtambo wa CMX 600, uliotokana na ubia wa CBS na Memorex, ulileta mageuzi. Picha zilinakiliwa katika diski za kompyuta. Mhariri akachagua vipande, na kompyuta ikaandika orodha ya maamuzi yake. Kanda za asili hazikuguswa na wembe. Mwaka 1989 Avid ilitoa mtambo uliotumia kompyuta ya Macintosh, na utaratibu huo ukaenea.

Kwa kawaida, basi, faili la kazi ya uhariri huwa na maagizo tu. Picha zenyewe hukaa mahali pengine. Mfasiri anayeandika "hifadhi kazi yako" pasipo ufafanuzi humpotosha msomaji, kwani diski yenye picha ikiharibika, maagizo yaliyohifadhiwa hayatafaa kitu. Hapana budi tutofautishe: kuhifadhi ni kuiandika kazi katika diski; kuweka akiba ni kunakili picha zenyewe katika diski ya pili. Neno "kata" na liendelee kutumika, ilimradi ifahamike kwamba wembe haupo tena.