Samadi ya Wairaqw

Mtu wa Kansay alimaye mchicha nyuma ya nyumba, akaurutubisha kwa mavi ya kuku wake, anafuata desturi ya kale. Wairaqw walihamia Karatu kutoka Irqwar Da'aw, katika milima ya Mbulu. Kule nchi ilikuwa finyu na watu wengi. Mifugo ililala ndani ya nyumba, na samadi yake ikachukuliwa mpaka mashamba ya karibu. (Kuku hatajwi sana katika habari hizo, sifa zote kapewa ng'ombe.)

Wataalamu wengi walisema kuwa Wamasai waliwazingira, na dhiki ndiyo iliyowafunza bidii hiyo. Mimi sikubali. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe wa Wamasai katika miaka ya 1890, hatari ilipungua, na wengi wakatoka kutafuta nchi pana. Bali waliobaki milimani waliendelea kulima vile vile. Kama hofu peke yake ingaliwabebesha samadi, wangaliitua mizigo hiyo siku ile. Mwaka 2004 Lowe Börjeson naye aliipinga hoja ya kuzingirwa.

Waliofika Karatu walikuta ardhi tele, na baadaye trekta zikalima ngano. Leo wajukuu wao wanagawana viwanja vidogo, na samadi inatafutwa tena.