Zacharias Kunuk na Sinema za Wainuit

Kaskazini kabisa ya inchi ya Kanada, ambako bahari yenyewe hugeuka barafu, wanakaa Wainuit. Zamani waliitwa Waeskimo, jina ambalo wengi wao hawalipendi. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alionyesha sinema ya maisha yao, Nanook of the North, ikasifiwa pote. Kumbe, aliwataka wawinde kwa vyusa, ingawa walikuwa wamekwisha kuzijua bunduki! Mgeni hupenda kumwona mtu jinsi alivyomwazia nyumbani kwake.

Zacharias Kunuk alizaliwa mwaka 1957 huko Kapuivik, katika maisha ya kuhamahama na kuwinda. Alipokuwa mtoto akapelekwa shuleni Igloolik. Akajifunza kuchonga mawe, na mwaka 1981 akachukua vinyago vyake mpaka Montreal, akaviuza, akarudi na kamera ya video na televisheni. Tukumbuke kwamba watu wa Igloolik walikuwa wameikataa televisheni mara mbili kwa kura, mwaka 1975 na 1979, kwa kuwa haikusema lugha yao. Mwaka 1990 yeye na wenzake watatu wakaunda kampuni, wakaiita Isuma, maana yake kufikiri.

Sinema yao Atanarjuat, ya mwaka 2001, ilipata tuzo ya Kamera ya Dhahabu huko Cannes. Ni hadithi ya wazee: kijana anawakimbia wauaji, uchi, juu ya barafu ya bahari. Wazee waliulizwa kwanza, hadithi ikaandikwa kama walivyoisimulia. Lakini mwisho ulibadilishwa: katika hadithi ya kale damu inalipwa kwa damu, katika sinema wauaji wanafukuzwa tu.

Sinema inayotugusa zaidi sisi Wakristu ni ile ya mwaka 2006, The Journals of Knud Rasmussen. Inaonyesha mwaka 1922, wakati Rasmussen, msafiri wa Denmark, alipokutana na mganga Avva. Jamaa ya Avva wana njaa. Huko Igloolik chakula kipo, lakini anayewaongoza watu ni Umik, Mwinuit aliyeanza kuhubiri dini mpya kwa namna yake. Na asiyeipokea dini hiyo hapewi nyama. Mapadri wetu walifika upande ule katika miaka ya 1930 tu. Mambo haya yalitangulia.

Tusemeje? Sisi tunaofundisha wakatekumeni hatuwalilii pepo wa waganga. Walakini, kipande cha nyama si katekisimu. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika hati ya misioni ya mwaka 1965, umekataza kabisa kumlazimisha mtu aamini au kumvuta kwa hila. Tena ni nani kati yetu asiyemjua mtu aliyekuja kanisani kwa ajili ya shule ya watoto, au dawa, au nguo? Wengine imani yao ilikua baadaye, hatukatai. Lakini mlango ule ulikuwa mwembamba kwa namna mbaya.

Kunuk hatoi hotuba yo yote. Anamwonyesha Avva akisimama juu ya theluji, akiwaambia pepo wake waliomsaidia tangu ujana waende zao. Nao wanaondoka polepole, wakilia kama watoto, na yeye anaurudia upande wa chakula.