Prunus africana: maganda ya dawa, na namna ya kuyatoa bila kuua mti

Prunus africana ni mti wa pori la milima. Kwa Kinyarwanda unaitwa umwumba. Unapenda baridi ya juu, kama ile ya milima ya Kivu. Pori la chini lenye joto, kama sehemu kubwa ya Walikale, si kwake. Maganda yake ni meusi na yenye kupasuka-pasuka.

Dawa gani?
Katika nchi nyingi za Afrika wazee wanayachemsha kwa ajili ya tumbo, homa na shida za mkojo. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hati ya haki ya kutengeneza nayo dawa ya prostati. Toka hapo maganda yanakaushwa na kusafirishwa Ulaya, na vidonge vinauzwa kwa jina la Pygeum.

Inaponya?
Mwaka 2002 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Wenye kumeza dawa hiyo walipunguza kuamka usiku kukojoa kwa asilimia 19. Lakini majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Tena ni dawa iliyochujwa kiwandani na kupimwa. Maji ya maganda ya nyumbani hayana kipimo. Haiponyi kansa ya prostati. Baba mwenye kukojoa kwa shida, ao mwenye kuona damu katika mkojo, aende kwanza kwenye kituo cha afya.

Kukata bila kuua
Chakula cha mti kinashuka kutoka majani kupitia upande wa ndani wa maganda. Ukiyatoa mzunguko mzima, mizizi inakosa chakula na mti unakauka. Basi:
- chagua mti wenye upana wa sentimita 30 kupita;
- toa pande mbili tu zinazotazamana, kila moja robo ya mzunguko;
- ishia tawi la kwanza, wala usikwaruze ubao wa ndani;
- pande zilizobaki zingoje miaka kadhaa.

Tangu 1995 mti huu umo katika orodha ya mkataba wa CITES: kuuza maganda nje ya nchi kunaomba kibali. Mnunuzi anayekuambia uangushe mti mzima, hata mizizi, analipa mara moja tu. Na anayetaka kupanda asichelewe: mbegu zake hazikai muda mrefu, zipandwe mara tu matunda yakiiva.