Chembe Zisizodumu na Majina Yake

Rasimu moja ya somo la fizikia, iliyotufikia kutoka Moshi, inaziita chembe zinazovunjika upesi "chembe dhaifu". Hatukuweza kuipitisha istilahi hiyo, na historia ndiyo iliyotuzuia.

Mionzi itokayo anga za juu huigonga hewa na kuzaa pioni. Nazo pioni huvunjika zikawa muoni, ambazo umri wake kwa wastani ni sehemu 2.2 za milioni za sekunde. Kutoka kilele cha Kibo, mita 5,895, hadi Moshi mjini ni mteremko wa mita 5,000 hivi. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo huchukua zaidi ya mara 7 ya umri huo. Katika muoni 10,000 tungetazamia zifike 5 tu. Lakini nyingi hufika, zikapenya migomba na mapaa ya nyumba, kwa kuwa saa ya kitu kiendacho kasi mno huenda polepole, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1905. Rossi na Hall walilithibitisha jambo hilo kwa muoni katika milima ya Colorado, Marekani, mwaka 1941.

Muoni, iliyogunduliwa na Anderson na Neddermeyer mwaka 1936, iliitwa mesotroni, kisha mesoni, ikidhaniwa kuwa ndiyo chembe aliyoitabiri Yukawa mwaka 1935. Mwaka 1947 Powell na wenzake, kwa sahani za picha zilizowekwa juu ya milima, wakaipata ile ya Yukawa hasa, yaani pioni. Ikabidi muoni itolewe katika ukoo wa mesoni, ingawa jina lilikwisha kuenea vitabuni.

Mwaka 1952, huko Chicago, Fermi na wenzake waliona migongano ya pioni na protoni ikiongezeka sana kadiri nishati ilivyopanda. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kilele. Kilele hicho ndicho alama ya chembe delta, ambayo haiachi nyayo. Hiyo ndiyo rezonansi. Wapo wanaopendekeza "mwangwi", lakini mwangwi ni sauti irudiayo, na hapa hakuna kirudicho. Bembea isukumwayo kwa mapigo yake yenyewe ni mfano ulio karibu zaidi.

Basi delta huvunjwa na kani yenye nguvu, ndiyo maana hufa mara moja. Muoni huvunjwa na kani dhaifu, ndiyo maana hufika Moshi. "Chembe dhaifu" ingempotosha mwanafunzi papo hapo. Tumeirudisha rasimu na "chembe zisizodumu". Kuhusu rezonansi, tumeiacha ilivyo mpaka lipatikane neno bora.