Mto uliopimwa kila siku

Wadau, leo naomba nitoke kidogo kwenye siasa. Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa mmoja: jambo likienda polepole kwa miaka 30, kwetu si habari mpaka bomba lifungwe.

Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2014, bomba likafungwa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani. Watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji, na wasijisumbue kuyachemsha kwa sababu kuchemsha kungezidisha makali ya sumu. Katazo likaondolewa Jumatatu. Sumu yenyewe, maikrosistini, ilitoka kwenye mwani uliotanda Ziwa Erie hadi kwenye mtambo unaovutia maji ya mji. Anayeijua Ghuba ya Winam pale Kisumu hana haja ya kuchorewa picha.

Magazeti yaliandika kana kwamba balaa limeshuka usiku ule. Lakini kilomita chache tu juu ya mji, pale Waterville, kulikuwa na chupa zilizokuwa zikilisema jambo hilo miaka mingi. Hizo ndizo zilizonivutia.

Toledo iko pale Mto Maumee unapoingia ziwani. Bonde la mto huo lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 17,000, na sehemu kubwa ni mashamba ya mahindi na soya. Zamani nyingi ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi kikubwa. Katika karne ya 19 walowezi wakachimba mitaro, wakafukia mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba, maji yakatoka, ardhi ikawa ya dhahabu. Mabomba hayo (siku hizi ya plastiki) yapo mpaka leo. Yakumbuke, nitayarudia.

Mwaka 1969, wakati watu wakisema Ziwa Erie limekufa, mwanabiolojia David Baker wa chuo kidogo cha Heidelberg, mji wa Tiffin, alianzisha maabara ya kupima mito. Alianza na Mto Sandusky unaopita hapo hapo mjini. Miaka ya 1970 maabara ikaongeza Maumee. Serikali wakati huo ilikuwa inatazama maji taka ya miji na fosfati ya sabuni, na kweli baada ya Marekani na Kanada kutia saini mkataba wa mwaka 1972, fosforasi ikapungua na ziwa likapata nafuu. Watu wakapigiana makofi.

Sasa, kwa nini upime kila siku? Kwa sababu mto wa mashambani ni mjanja. Sehemu kubwa ya fosforasi ya mwaka mzima hupita siku chache za mvua kubwa. Afisa anayekwenda na chupa yake mara moja kwa mwezi, tena siku ya jua, atakuta mto mtulivu, ataandika ripoti safi, na atakuwa hajasema uongo. Maabara ya Tiffin ikaweka mashine zinazochota maji zenyewe mara tatu kwa siku. Kipimo cha chupa huzidishwa kwa kiasi cha maji kilichopita, na hapo unapata tani zilizoingia ziwani. Ni kazi ya kuchosha. Jaribu kumwomba mfadhili fedha za kufanya kitu kile kile kwa miaka 40!

Na bado walipima kitu cha ziada. Fosforasi iliyoshikamana na tope waliitenga na ile iliyoyeyuka, ambayo mwani huila moja kwa moja. Wakulima walikuwa wameshauriwa wapunguze kulima ili udongo usimomonyoke, wengi wakatii, na fosforasi ya tope ikapungua. Lakini kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ile iliyoyeyuka ikaanza kupanda. Mbolea iliyobaki juu ya ardhi isiyogeuzwa ilikuwa inayeyuka na mvua, na kupita kwenye mabomba yale yale hadi mtoni. Aliyepima jumla peke yake hakuona kitu.

Binafsi nawaonea huruma wakulima wale, maana waliambiwa wafanye hivyo na wataalamu. Ila huruma hiyo haimpi mama wa Toledo maji ya kumnywesha mtoto.

Sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972 inakibana kiwanda chenye bomba, lakini maji ya mvua yatokayo shambani hayamo. Februari 2019 wapiga kura wa Toledo wakapitisha sheria ya kulipa ziwa haki zake. Kesho yake shamba moja la familia likaenda mahakamani, na mwaka uliofuata jaji akaifuta.

Kabla ya hapo, mwaka 2015, Ohio, Michigan na Ontario ziliahidi kupunguza fosforasi kwa asilimia 40 ifikapo 2025. Mwaka huo umekwisha na lengo halikufikiwa. Tani hupanda mwaka wa mvua na kushuka mwaka wa ukame, kwa hiyo mwanasiasa anayetaka kutangaza ushindi husubiri ukame. Ndiyo maana maabara hutoa pia kiasi cha fosforasi katika kila lita iliyopita mtoni, na namba hiyo haimwangalii mtu usoni.